Je, wajua kwa nini mbaruti hushamiri pale ng'ombe wanapolishwa sana?

Ukipita kwenye malisho ya Handeni au Kilindi mvua zikishakatika, ukakuta kandokando ya zizi la zamani pameota mmea wa miiba wenye maua ya manjano mazito, kuna uwezekano mkubwa huo ni mbaruti. Asili yake ni Mexico. Ng'ombe wanaukwepa, na hapo ndipo tatizo linapoanzia: wanakula nyasi zote zinazouzunguka, wanauachia jua, maji na nafasi. Kila siku ya malisho ni kama palizi ya bure kwa mbaruti.

Kwa watu wa Tanga njia nyepesi ya kuutambua ni kuulinganisha na mchunga, ile mboga chungu inayopikwa kwa nazi. Vunja shina. Mchunga hutoa utomvu mweupe kama maziwa; mbaruti hutoa wa manjano. Kisha tazama jani: la mbaruti ni kijani cha majivu, mishipa yake ni myeupe, kingo zimekatikakatika na kila ncha ina mwiba, na halina kikonyo bali limekumbatia shina. Ua lina petali 4 hadi 6, na upana wake ni takribani sentimita 5. Tunda ni kifuko cha miiba ambacho kikikauka hupasuka juu tu, kama kikombe, na ndani mna mamia ya mbegu nyeusi za mviringo. Zimwage kiganjani uone jinsi jina la baruti linavyoufaa.

Mbegu hizo hazina manyoya ya kupeperushwa na upepo kama za mchunga. Husafiri kwa maji ya mvua, kwa tope la kwato na la magurudumu, na kwa nafaka isiyopepetwa vizuri. Kwa hiyo ukianza kuung'oa, anzia juu ya mteremko. Ukianzia bondeni, mvua ijayo itakuletea mbegu nyingine.

Wakati mzuri ni wiki chache baada ya masika kuanza, mmea ukiwa bado majani yaliyolala chini. Kata kwa jembe chini ya shingo ya mzizi. Ukikata juu yake, machipukizi hutoka pembeni na unakuwa umepata mashina matatu badala ya moja. Kufyeka kwa panga wakati vifuko vimekauka ni kosa baya zaidi, maana ni sawa na kupanda. Kama umechelewa kiasi hicho, vaa glavu, funika vichwa kwa gunia kwanza, ndipo ukate na kuvichoma. Hata vifuko vibichi usiviache chini, kwani vinaweza kukomaa mmea ukiwa umeshang'olewa.

Mwaka unaofuata mingine itaota, kwa kuwa mbegu hulala ardhini miaka kadhaa. Kung'oa peke yake hakutoshi, udongo mtupu ndio unaoukaribisha. Pandikiza vipande vya ukoka kwenye mapengo na upumzishe eneo hilo msimu mzima wa mvua, hata kama jirani anakucheka kwamba unafuga nyasi.

Sumu yake ni ya kweli. Mbegu zina mafuta yenye sanguinarini, inayovimbisha miguu na kudhoofisha moyo. Mwaka 1998 zaidi ya watu 60 walifariki Delhi, India, baada ya kula mafuta ya haradali yaliyochanganywa na ya mbaruti. Mtama unaweza kuusafisha kwa chekeche, kwani mbegu ya mbaruti ni ndogo na itapita. Ulezi una ukubwa unaokaribiana nayo, huo uchambue kwa macho. Na usifunge mbaruti ndani ya nyasi kavu za akiba: malishoni ng'ombe huuruka, lakini kwenye hori wakati wa kiangazi mnyama mwenye njaa hachagui.