Je, wajua? Ziwa la pwani laweza kuwa na chumvi kuliko bahari

Wengi huamini kwamba ziwa lililoungana na bahari huwa na chumvi kali mlangoni, yaani pale linapokutana na bahari, kisha maji yake huzidi kuwa matamu kadiri unavyoingia bara. Penye mito mikubwa isiyokauka, ndivyo ilivyo. Lakini kwenye ziwa la St Lucia, pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ukame ukishika mambo hugeuka: maji makali kuliko yote huwa kaskazini, mbali kabisa na mlango, na yameshawahi kuzidi mara mbili ya chumvi ya bahari.

Zamani hapo palikuwa ghuba. Mawimbi yalirundika mchanga mbele yake, upepo ukainua vilima vinavyopita mita 100, ukabaki mlango mmoja mwembamba upande wa kusini.

Sababu ya chumvi ni kina. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 300, lakini kina chake ni kama mita 1 tu. Jua hunyanyua maji na kuacha chumvi. Ziwa likipungua, bahari huingia kufidia, nayo huja na chumvi yake. Ukiwahi kuona mashamba ya chumvi ya Gongoni au Saadani unaijua kazi hii: maji ya bahari huingizwa kwenye vitalu, yakipungua huongezwa mengine, mpaka chumvi inaganda. St Lucia maji huingilia kusini na kukaukia kaskazini, basi chumvi hulundikana huko.

Viboko na mamba huponaje? Vile vilima vya mchanga hunywa mvua na kuitoa polepole chini, kwenye ufuo wa mashariki. Utaona ukanda mwembamba wa matete ya maji baridi umesimama pembeni mwa maji ya chumvi. Hapo ndipo wanyama hunywa. Heroe, kwa upande wao, hufuata maji hayohayo makali. Perege wa Msumbiji naye huyastahimili, na hilo ni ajabu kwa samaki tunayemfuga kwenye mabwawa ya maji baridi.

Kamba ndio huumia mlango ukizibwa na mchanga. Huzaliwa baharini na kukulia ziwani. Mlango ulipofungwa 2002 na kubaki hivyo karibu miaka yote kumi iliyofuata, wachanga hawakupata pa kuingilia, na uvuvi wa kamba wa Thukela, kusini mwa hapo, ukaanguka.