Kwa nini mimba huchelewa baada ya kuacha sindano ya uzazi wa mpango?

Mwanamke ametoa kijiti, mwezi wa pili ana mimba. Jirani yake aliacha sindano muda mrefu uliopita, bado anasubiri, na mawifi wameshaanza kunong'ona kwamba kizazi kimeharibika. Hakijaharibika, ni dawa ambayo haijamwisha mwilini.

Kijiti kikitolewa mkononi, homoni iliyobaki ndani yake imetoka nacho, na yai huweza kupevuka ndani ya wiki chache. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vidonge navyo huisha mwilini kwa siku kadhaa. Sindano ya miezi mitatu ukishachomwa haitoleki. Ni miligramu 150 za homoni iitwayo medroksiprojesteroni, chembechembe laini ndani ya maji, zinazokaa kwenye msuli wa bega au tako zikiyeyuka kidogo kidogo. Tena kipimo chake kina akiba, ili hata mama aliyechelewa kliniki kwa wiki mbili asishike mimba. Kwa hiyo miezi mitatu ikitimia dawa haikatiki ghafla. Huendelea kupungua polepole, na mpaka ishuke vya kutosha, ubongo hautoi amri ya yai kuachiliwa.

Kati ya wanaoacha ili wazae, nusu hushika mimba ndani ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na kufikia miezi 18 zaidi ya 9 kati ya 10 wameshashika. Kuichoma miaka mingi hakubadilishi hesabu hiyo.

Na ile damu ya hedhi inayodaiwa kurundikana tumboni kwa anayechoma sindano na haoni siku zake? Haipo. Sindano hufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba, hivyo mwisho wa mwezi hakuna cha kumwaga. Ndiyo maana sioni sababu ya kununua zile chupa za "kusafisha kizazi": hakuna uchafu wa kusafisha, na kilichomo ndani ya chupa mara nyingi hakijulikani.

Anayetaka mtoto mwakani ni bora aache sindano sasa, na kama hayuko tayari bado, ashike kondomu au vidonge kwa muda. Asitegemee kwamba hedhi haijarudi. Yai hutangulia, hedhi hufuata, na wapo wanaoshika mimba kabla ya kuona siku zao hata mara moja.

Kipindi hicho cha kusubiri ndicho cha kuanza vidonge vya foliki asidi (aina ya vitamini), mikrogramu 400 kila siku. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Usipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi. Vidonge vinavyotolewa kliniki mimba ikiwa na miezi minne husaidia damu, lakini kwa mgongo vimeshachelewa. Mwenye kisukari, presha au anayemeza dawa za kifafa amwone daktari kabla ya kuanza kutafuta mimba, kwani baadhi ya dawa hubidi zibadilishwe.

Miezi 18 ikipita tangu sindano ya mwisho bila mimba, au mapema zaidi kwa aliyevuka miaka 35, waende hospitali wote wawili. Mbegu za baba nazo hupimwa.