Koko asiambiwe "ikala": mazoezi ya mwili kwa kila umri katika vilima vya Bukavu

Hapa Bukavu, ukimshauri mtu afanye mazoezi, jibu unalijua kabla hajalitoa: "Mimi napanda kilima cha Kadutu kila siku, mazoezi gani tena?" Na kwa kiasi kikubwa ana haki. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kwenye usukani siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Kwa hiyo mtu anayetoka Nyawera hadi soko la Kadutu kwa miguu, moyo wake uko kazini, na hatuna sababu ya kumwambia anunue viatu vya kukimbilia.

Ila kilima hakimfai kila mtu kwa namna moja, na anayekosa zaidi ni yule tuliyemkataza kukipanda: mzee wetu.

Tunamkataza kwa upendo. Akikaribia miaka 70, wajukuu wanamchotea maji, wanamletea sahani pale alipo, na akijaribu kuinuka wanamwahi: "Koko, ikala tu, tutakuletea" (yaani bibi au babu, kaa tu). Baada ya miezi michache hawezi tena kutoka kitini bila kuvutwa, na familia inasema ni uzee. Katika idara yetu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, tunawapokea wazee wengi wa namna hii, na ninaandika hasa kwa ajili yao, kwa sababu sehemu kubwa ya udhaifu huo ingeweza kuzuiwa.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwalaza kitandani vijana 5 wazima wa miaka 20 kwa wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa juhudi ulipungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye walipimwa tena watu wale wale, ikaonekana kwamba wiki zile 3 za kulala ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wenye afya. Sasa mfikirie mama wa miaka 75 aliyepata malaria kali, akalazwa, kisha akarudi nyumbani kuambiwa apumzike mpaka apate nguvu. Nguvu haitamrudia akiwa amelala.

Je, misuli ya mzee inaweza kweli kuongezeka? Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, katika makao ya wazee huko Boston, waliwapa mazoezi ya kuinua uzito kwa mapaja watu wenye miaka 86 hadi 96. Uzito haukuwa wa kubembeleza. Ulifikishwa asilimia 80 ya ule ambao mtu aliweza kuuinua mara moja tu. Kwa wiki 8, nguvu ya mapaja iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao wakaacha kutembea na fimbo.

Vyuma vya gym hatuna haja navyo. Kiti cha mbao kinatosha, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mzee akae ukingoni, avute miguu nyuma mpaka visigino vipite kidogo nyuma ya magoti, kisha ainamishe kifua mbele hadi pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke. Wengi hushindwa kwa sababu miguu imenyooshwa mbele na mgongo umebaki wima. Hapo hata kijana atahangaika. Kushuka kuwe polepole, akihesabu moja, mbili, tatu, bila kujiangusha kitini. Mara 8 hadi 10, apumzike, arudie, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Magoti yakiuma, weka blanketi iliyokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu. Mara 10 zikiwa rahisi, ondoa blanketi. Na wewe mjukuu, usimvute kwapani, bega la mzee huumia upesi. Kaa karibu naye tu. Mwenye presha asibane pumzi wakati wa kuinuka, na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aache na apimwe kwanza.

Pamoja na nguvu, kuna mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Mwaka 2019 yalijumlishwa majaribio 108 yenye wazee zaidi ya 23,000, ikaonekana kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23. Faida hiyo ilitoka hasa kwenye mazoezi ya mizani. Kutembea peke yake hakukuonyesha hivyo. Basi mzee asimame kando ya meza, aishike, ainue mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha mwingine. Njia zetu zikishalowa mvua, sekunde hizo 10 ndizo zinamwezesha kuukwepa utelezi.

Fimbo nayo wengi wanaishika vibaya. Fimbo za mkaratusi tunazoziona ni ndefu mno, zinapandisha bega. Mzee akisimama na viatu vyake, mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini funga kipande cha mpira wa gurudumu. Ashike fimbo upande wa mguu mzima, si upande unaouma. Kwenye ngazi, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize fimbo pamoja na mguu mgonjwa.

Kuna kundi ambalo sitalihimiza liongeze mazoezi: mama zetu wanaobeba magunia ya makaa na mihogo mgongoni, kamba ikiwa kipajini. Wanaambiwa eti wao wana afya ya chuma. Tafiti nyingi za wafanyakazi, hasa za Ulaya, zinaonyesha kwamba kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi bila mapumziko hakuupi moyo faida ile inayotokana na mazoezi ya hiari. Shingo na kiuno ndivyo vinavyolipa. Mama huyo anahitaji mzigo ugawanywe safari mbili na mahali pa kuutua njiani, na anayemlipa ndiye wa kwanza kuambiwa hivyo.

Kwa mtoto mchanga, kitenge mgongoni ni kizuri, lakini WHO inashauri asifungwe zaidi ya saa 1 mfululizo. Akiwa macho, alazwe kifudifudi juu ya mkeka kidogo kidogo, jumla dakika 30 kwa siku, ili shingo na mikono vipate kazi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia mapema, viungo vikawa vigumu kuviongoza) asiishie kukandwa mafuta tu. Kinachomsaidia zaidi ni kujaribu mwenyewe, mara nyingi, jambo analolitaka: kushika kikombe, kukaa, kusogea hadi kwa mama.

Hali ya wasichana nayo inanisumbua. Watoto wenye miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Lakini hesabu ya dunia nzima iliyochapishwa 2019 ilionyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Akishavunja ungo, mara nyingi huondolewa uwanjani na kupelekwa jikoni, na hiyo ndiyo miaka ambayo mifupa inajijenga kwa kasi. Kuruka ndiko kunaikaza, na mchezo wa nzango ni kuruka kutupu, hautaki mpira wala viatu. Wakuu wa shule, tunawaomba muwaachie wasichana uwanja angalau nusu saa baada ya masomo, siku 3 kwa wiki, na wavulana wenye mpira wasubiri zamu yao.