Sizijia si bamvua, wala si balaa

Umerudi tena ule ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga. Safari hii umevishwa picha ya sayari zimepangwa foleni: "Wanasayansi wathibitisha SYZYGY wiki hii, bahari itapanda, wavuvi msitoke." Kazi yangu ni kupima kina na kuandaa majedwali ya maji kupwa na kujaa, kwa hiyo kila ujumbe huo ukipita, simu yangu haipumui. Naandika hapa mara moja, nyote msome, mniache nilale.

Kwa Kiingereza neno hutamkwa sizijii. Mimi nitasema sizijia ili ulimi usikwame. Asili yake ni Kigiriki, kufungwa nira pamoja, kama ng'ombe wawili wa plau. Katika elimu ya anga ni miili mitatu kukaa kwenye mstari mmoja, au karibu yake. Kwetu watu wa bahari mitatu hiyo ni jua, mwezi na dunia, basi. Hutokea mara mbili katika kila mzunguko wa mwezi: mwezi unapopotea kabla ya kuandama, na unapopevuka. Kati ya moja na nyingine hupita siku 14 na robo tatu hivi. Maana yake umekwisha kulala usingizi mzito katika sizijia nyingi kuliko sherehe za arusi ulizowahi kualikwa.

Kupatwa kwa jua au mwezi huhitaji sizijia, lakini si kila sizijia huleta kupatwa, kwa kuwa njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5. Na hizo sayari za kwenye picha? Zuhura ikikaribia dunia kuliko wakati wowote, nguvu yake ya kuvuta maji haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi. Jua peke yake ndilo la kuhesabiwa, nalo lina nguvu pungufu kidogo ya nusu ya mwezi.

Sasa linaloniudhi hasa. Hata waliosoma huniambia, "Kwa hiyo sizijia ni jina la kitaalamu la bamvua." Siyo! Sizijia iko angani, bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita siku nyingine, liko majini, na hayafiki siku moja. Waulize wavuvi wa mitaa ya Deep Sea au Sahare hapa Tanga: bamvua halisimami siku ya mwezi mpevu, huja siku moja na nusu, hata mbili, baadaye. Akina mama wanaolima mwani kule Mkinga hawahitaji jedwali langu kulijua hilo. Lakini mtoto wa shule huandika kwenye mtihani kuwa maji hujaa kupita siku zote usiku wa mwezi mpevu, na anapewa alama zote.

Kosa linatoka kwenye ule mchoro wa vitabuni, dunia katikati na maji yamevimba pande mbili, uvimbe mmoja ukiutazama mwezi na mwingine umeupa kisogo. Mchoro huo ni mtoto wa hesabu za Newton za mwaka 1687, na ungefaa kama dunia nzima ingekuwa bahari yenye kina kikubwa mno. Siku ya sizijia mwezi hufika juu kabisa karibu na saa sita, mchana au usiku. Kwa mchoro ule, maji yangejaa saa sita. Haya, shuka ufukweni Raskazone saa sita mchana wa bamvua utazame. Maji yako mbali, ndiyo kwanza yanarudi! Pwani yetu bamvua hupwa kati ya saa nne na saa tano, na hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, au alfajiri. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, saa zake ni kinyume. Bahari ina mabara ya kuizuia, ina kina kisicho sawa, ina mwendo wake yenyewe wa kuyumba. Laplace, mwanahisabati Mfaransa, alilishughulikia hilo tangu karne ya 18, lakini vitabu vya shule havijapata habari.

Nikiulizwa kwa nini bamvua huchelewa, hujibu "msuguano", kisha nabadilisha mazungumzo. Jibu hilo si uongo, ila halitoshi: hakuna kanuni fupi ya kukupa saa za Tanga kwa kuutazama mwezi tu. Jedwali hupatikana kwa kupima maji bandarini muda mrefu, kisha kuyagawa katika mapigo mengi ya kupanda na kushuka, kila moja na mwendo wake, na kuyajumlisha upya. Njia hiyo Kelvin, mwanafizikia wa Uingereza, aliianzisha miaka ya 1860. Tunatabiri vizuri kuliko tunavyoeleza.

Na mabamvua hayalingani. Kwa kawaida hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati maji mafu ni mita moja na kidogo. Bamvua la Machi au Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, huwa na nguvu zaidi, hasa mwezi nao ukiwa umesogea karibu na dunia. Umbali wake hucheza kati ya kilomita 356,000 na 406,000 hivi, na tofauti hiyo pekee huongeza nguvu yake karibu mara moja na nusu. Juu yake weka kusi kali, ambao jedwali haliujui kabisa, ndipo maji yanapoingia kwenye mashamba ya chumvi.

Kwa hiyo anayetaka kuwaonya wavuvi aandike saa ya maji kujaa, kimo chake, na upepo unatoka wapi. Zuhura aiache.