Pesa za kampuni, maabara ya chuo: dhana potofu kuhusu ufadhili wa utafiti wa usalama wa mtandao

Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Kwa kampuni ya simu, ujumbe huo ni kero ya wateja. Kwa mwanafunzi wa uzamivu anayechunguza jinsi matapeli wanavyojipanga, ni data ya thamani. Pande hizi mbili zinahitajiana, lakini kila moja huja mezani na mambo iliyoyasikia ambayo si kweli, na mazungumzo huvunjika hata kabla ya rasimu ya kwanza ya mkataba. Nimechagua dhana ninazoona zinaharibu zaidi.

Dhana: Kampuni ikilipia utafiti, imenunua majibu.

Hofu hii ina msingi, nami siidharau. Hakuna kampuni inayofurahi kusoma makala inayoeleza mwanya ulio kwenye bidhaa yake. Lakini kinachoamua ni mkataba ulivyoandikwa, na humo kifungu cha kwanza cha kutazama ni kile cha uchapishaji. Ni halali kampuni ipewe muda, tuseme siku 30 au 60, wa kuisoma makala kabla haijatoka: iondoe siri zake za kibiashara zilizopenya humo, iombe hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu) ikitaka, au ianze kuziba mwanya. Hiyo ni haki ya kuchelewesha. Haki ya kuzuia ni jambo jingine kabisa. Chuo kinachoikubali kinamfunga mdomo mwanafunzi ambaye kazi yake haina maana isiposomwa na wenzake, na naamini hakuna kiasi cha pesa kinachohalalisha hilo.

Ipo pia njia ya kupunguza nguvu ya mfadhili: wafadhili wawe wengi. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, NSF, ilianza kuujaribu mfumo huu mwaka 1973. Kampuni kadhaa hulipa ada ya uanachama kila mwaka, ada zinaingia kapu moja, na wawakilishi wa wanachama hukaa kwenye bodi inayopitia maandiko ya miradi na kusema ipi iendelee. Kila mwanachama anaweza kuyatumia matokeo bila kulipa mrabaha, na hakuna anayeyahodhi peke yake. Kituo cha CITeR, kinachochunguza utambuzi wa watu kwa alama za vidole, uso na mboni za macho, kimeendeshwa hivyo tangu 2001, na vyuo zaidi ya kimoja vinashiriki. Jambo ninalolipenda katika mfumo huu ni dogo lakini zito: chuo hakiruhusiwi kukata zaidi ya asilimia 10 ya ada hizo kwa gharama za utawala. Aliyewahi kuona ruzuku ikiyeyuka kwenye ofisi za uhasibu kabla ya kufika maabara ataelewa kwa nini.

Dhana: Ukizikataa pesa za kampuni, umebaki huru.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, waligundua udhaifu wa chipu ya MIFARE Classic, iliyokuwa kwenye kadi za usafiri za Uholanzi na kadi ya Oyster ya London. Waliwaarifu serikali na NXP, kampuni inayotengeneza chipu hiyo, wakawapa muda wa kujipanga. NXP ikaenda mahakamani Arnhem kuzuia makala yao. Ugomvi huo haukuhusu mkataba wowote wa utafiti. Julai mwaka huo mahakama iliwapa ushindi watafiti kwa msingi wa uhuru wa kujieleza, ikasema pia kwamba madhara yanayolalamikiwa yanatokana na kutengeneza na kuuza chipu yenye kasoro, si na kuandika juu yake. Makala ikatoka Oktoba.

Miaka mitano baadaye upepo ukageuka. Watafiti wa Radboud na wa Chuo Kikuu cha Birmingham walikuwa wameuchambua mfumo wa Megamos Crypto, unaozuia gari lisiwake bila ufunguo wake halisi. Mtengenezaji wa chipu aliarifiwa miezi mingi kabla. Volkswagen ilipata zuio la Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2013, na makala haikutoka hadi 2015, ikiwa imeondolewa sentensi moja. Miaka miwili kwa sentensi moja! Makubaliano ya maandishi tangu mwanzo, yenye tarehe ya kuarifu, tarehe ya kuziba na tarehe ya kuchapisha, yangegharimu kila upande kidogo kuliko mawakili. Kwa hiyo kujitenga na kampuni hakumkingi mtafiti. Mkataba mzuri unaweza kumkinga.

Dhana: Kinachotakiwa ni pesa tu.

Hapa kwetu ndipo naona hasara kubwa zaidi. Mhadhiri huomba hela za kompyuta na za posho, kampuni hutoa hundi na kupiga picha, kisha kila mtu anarudi kwake. Lakini kompyuta haitamwambia mwanafunzi laini ya tapeli ilisajiliwa vipi, ilihama simu mara ngapi, au pesa iliyotumwa ilikaa dakika ngapi kabla ya kutolewa kwa wakala. Majibu hayo yako kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu peke yake.

Pamoja na data kuna ruhusa. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Mtafiti anayejaribu uimara wa mfumo wa benki bila barua mkononi anajiweka hatarini, hata nia yake iwe njema kiasi gani. Barua moja ya ruhusa, inayotaja mifumo ipi, siku zipi na mipaka gani, inaweza kuwa na thamani kuliko maabara nzima.

Kampuni nazo hujibu kwamba sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinawazuia kutoa data. Haziwazuii kufanya utafiti. Zinawataka wailinde. Mwanafunzi anaweza kufanyia kazi ndani ya ofisi ya kampuni, kwenye mashine ya kampuni, namba za simu zikiwa zimebadilishwa kuwa alama zisizomtambulisha mtu, akatoka na jedwali la jumla tu. Onyo moja: kufuta majina peke yake hakutoshi. Mahali mtu alipo na saa anazopiga simu vinaweza kumfichua.

Dhana: Kwa kuwa ni mambo ya usalama, matokeo yawe siri.

Algoritimu ya AES, yaani kanuni ya hesabu inayoufumba ujumbe usisomwe bila ufunguo na inayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya dunia, ilipatikana kwa mashindano ya wazi yaliyotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 1997. Waliobuni mshindi ni Wabelgiji wawili: Joan Daemen wa kampuni ya Proton World na Vincent Rijmen wa chuo kikuu cha KU Leuven. Wataalamu wa dunia nzima waliruhusiwa kuishambulia kabla haijakubaliwa. Ikawa kiwango rasmi mwaka 2001, na hadi leo hakuna chochote kuihusu kilichofichwa isipokuwa ufunguo wa anayeitumia.

Dhana: Kampuni zikiingia, serikali ikae pembeni.

Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni RSA, njia nyingine ya kuufumba ujumbe, katika chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Utafiti wao ulisaidiwa na NSF na ofisi ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani. Kampuni ya kuiuza RSA ilikuja baadaye, 1982. Kampuni hufadhili swali lenye jibu la karibu, nayo haina kosa kwa hilo, ila maswali ya mbali yanahitaji mfuko wa umma.

Tena kuna vitu ambavyo kila kampuni hutumia na hakuna anayejiona mwenyewe wake. Programu huria ya OpenSSL ililinda seva zisizohesabika huku ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Aprili 2014 kasoro yake iliyoitwa Heartbleed ikajulikana. Mmoja wa wagunduzi alikuwa kampuni ya Codenomicon ya Finland, iliyozaliwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu. Baada ya hapo ndipo kampuni kubwa zilipochanga pamoja kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia programu huria.

Dhana: Haya ni ya Ulaya na Marekani.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi Kigali tangu 2011, na ndani yake upo mpango wa CyLab-Africa unaoshughulikia usalama wa mifumo ya kifedha ya bara hili. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Watu wapo.

Kapu la kwanza halihitaji kuwa kubwa. Kampuni tatu zinazoumizwa na utapeli uleule wa ujumbe wa simu, ada sawa kwa mwaka mmoja, chuo kimoja, wanafunzi wanne wenye barua za ruhusa, na siku 60 za kusoma makala kabla haijatoka. Benki na kampuni za simu zinashindana kwa wateja, lakini tapeli anazipitia zote kwa siku moja, na kila moja peke yake inaona kipande tu cha njia yake.