Jina Likikutoka Mbele ya Jopo, Usilibuni

Wiki iliyopita kijana mmoja niliyekuwa nikimwandaa kwa usaili aliniambia, kwa uhakika kamili, kwamba ukisahau jambo mbele ya jopo ni lazima useme chochote, kwa kuwa kukiri kusahau ni kujinyima kazi mwenyewe. Maneno hayo nimeyasikia miaka yote niliyokaa kwenye majopo ya usaili hapa Dar es Salaam, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa sababu yamewaponza watu wengi waliostahili kazi.

Karatasi ya alama iliyo mbele ya mjumbe ina maswali, hoja zinazotarajiwa katika kila jibu na alama za kila hoja. Haina mahali pa kumwadhibu mtu kwa kusahau. Msailiwa akisahau hoja moja, anakosa alama ya hoja hiyo basi. Akibuni, mjumbe huuliza swali la nyongeza, na jibu la uongo hulazimika kutetewa kwa uongo mwingine, hadi jopo linaanza kuyatilia shaka hata majibu ya kweli yaliyotangulia.

Katika usaili mmoja wa afisa ununuzi tuliuliza kuhusu sheria inayosimamia ununuzi wa umma. Msailiwa wa kwanza alisema ni ya mwaka 2019, bila kusita. Alipoulizwa ilileta mabadiliko gani, alieleza mabadiliko ambayo hayakuwahi kutokea. Wa pili alinyamaza kidogo, akaweka viganja juu ya meza, kisha akasema: “Naomba radhi, Ndugu Mwenyekiti, mwaka umenitoka. Ninachokumbuka ni kwamba ndiyo iliyofuta ile ya 2011, na zabuni sasa tunazipitisha kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioshika nafasi ya TANePS.” Kila mjumbe alielewa kwamba huyu ameifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Namna yenyewe ndiyo hiyo: kiri mara moja, kisha taja kilicho jirani na ulichokisahau. Wanasaikolojia Roger Brown na David McNeill walionyesha mwaka 1966 kwamba mtu ambaye neno liko kwenye ncha ya ulimi wake mara nyingi huweza kutaja herufi yake ya kwanza au idadi ya silabi zake. Kumbukumbu haifungi milango yote kwa pamoja, na mjumbe makini husikia upesi tofauti kati ya mtu aliyepotelewa na jina na mtu ambaye hakuwahi kulijua. Kinachoharibu ni kuomba radhi mara nne, kwa maana hapo jopo linaacha kukusikiliza na kuanza kukuhurumia.

Majina ya wajumbe yasikunyime usingizi. Mwaka 1973 mtafiti wa kumbukumbu Malcolm Brenner alionyesha kwamba watu wanaosoma maneno kwa zamu husahau zaidi yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao, na msailiwa husikia majina yetu akiwa anasubiri kujitambulisha. Kiswahili kimekwisha kutusaidia: “Ndugu Mwenyekiti” na “Ndugu Mjumbe” zinatosha tangu mwanzo hadi mwisho. Kukisia jina na kumwita mtu jina la mwenzake ni kosa lisilo na sababu.

Kuna kusahau kwa aina moja, hata hivyo, ambako sikuvumilii, nako ni kuusahau wasifu wako mwenyewe. Mtu anapeleka taarifa zake steshenari, anachapiwa wasifu mzuri ambao hausomi tena, kisha tunamuuliza juu ya mradi ulioandikwa ukurasa wa pili naye anatutazama kama tumemsingizia. Hakuna maneno ya adabu yatakayoliponya jambo hilo, kwa sababu hapo hatujui tena nani ameomba kazi.

Ukipigiwa simu na hukumbuki ni kazi ipi uliyoomba, shukuru, kisha omba utajiwe cheo na taasisi ili uandike tarehe na saa. Ukiwa umesahau siku ya usaili, piga simu siku hiyohiyo, useme umesahau, wala usisingizie msiba.

Siwezi kuahidi kwamba mkweli hushinda kila mara. Sisi wajumbe huvutwa na ulimi mwepesi, na ninaamini nimewahi kumpa alama mtu aliyebuni kwa ufasaha jambo ambalo sikuwa na ujuzi nalo wa kutosha kumkamata. Sina uhakika pia kama barua pepe inayotumwa jioni kujazia ulichosahau hubadilisha lolote; kwenye majopo niliyokaa mimi, alama hujumlishwa kabla msailiwa anayefuata hajaitwa.

Kwa hiyo nafasi ya kurekebisha ni humohumo ndani, mwenyekiti anapouliza kama una swali. Sema: “Kama muda unaruhusu, naomba kurudi kwenye swali la tatu.” Wapo wenyeviti watakaokataa. Msailiwa wetu wa ununuzi aliomba hivyo, akaruhusiwa, akasema, “Ni 2023,” na wajumbe watano wakafunua upya karatasi zao kuijaza ile alama.