Kwa Nini Kuna Kampuni za Magemu Ambazo Wachezaji Hawazigusi Tena

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu huwasiliana nazo. Ni gemu la mbio za magari lililotoka Desemba 2014. Siku hiyo kila aliyelinunua, awe na diski yake mkononi au awe amelipakua, alibaki na kitu kisichofunguka. Hili halikuwa gemu la kushindana na watu tu. Lilikuwa na hadithi nzima ya mchezaji mmoja anayezunguka Marekani kwa gari, na wapo walioifurahia bila hata siku moja kushindana na mtu. Nao walifungiwa nje. Muda si mrefu baadhi yao wakakuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao.

Mimi ni mtu wa seva. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya upande ule ambao mtumiaji hauoni: kifaa chake kinauliza, mfumo wangu unajibu. Kwa hiyo nikisikia gemu limezimwa, swali langu la kwanza huwa ni hili: lilikuwa linauliza nini huko kwenye seva, na je, lilikuwa na haja ya kuuliza? Jibu lake linaeleza, kuliko matusi yote ya mitandaoni, kwa nini mchezaji mwenye akili timamu huamua kwamba kampuni fulani haipati tena pesa yake hata ikitoa gemu zuri namna gani.

Wengi hudhani kisa ni ubora. Sikubaliani. Gemu baya husamehewa. Mtu analicheza wiki moja, analiacha, maisha yanaendelea. Kinachomfanya aikwepe kampuni ni kugundua kwamba, hata baada ya kulipa, mkono wa muuzaji bado umo ndani ya kile alichonunua.

Tuichukue The Crew yenyewe. Magari uliyoshinda, fedha zako za ndani ya gemu na mahali ulipofika kwenye hadithi, vyote viliwekwa kwenye seva za Ubisoft, si kwenye kifaa chako. Gemu likiwaka linajitambulisha, linapokea taarifa zako, ndipo linaendelea. Seva isipojibu, linakwama mlangoni. Kiufundi, kwa mchezaji mmoja, hakuna kinacholazimisha mpango huo. Taarifa za aina hiyo ni ndogo, zinakaa bila shida kwenye faili moja ndani ya kifaa, na magemu mengi yalihifadhi hivyo kwa miaka mingi. Ushahidi umekuja kutoka kwa Ubisoft wenyewe: Septemba 2024, kelele zilipozidi, waliahidi kwamba The Crew 2 na The Crew Motorfest yatawekewa njia ya kuchezwa bila mtandao, na The Crew 2 likaipata mwaka 2025. Mwaka huohuo wapenzi wa gemu la kwanza, waliokuwa wamechunguza lugha linayotumia kuzungumza na seva, walitengeneza seva yao na kulifufua. Basi uwezo wa kuliokoa ulikuwepo. Uamuzi ndio haukuwepo.

Niitendee haki kampuni. Seva zinakula pesa kila mwezi, na mikataba ya kutumia majina ya magari na nyimbo huwa na mwisho. Simdai mtu aendeshe seva milele. Lakini tazama Forza Horizon 4 la Microsoft, gemu la mbio za magari kama The Crew, lenye mikataba ya namna ileile. Mikataba ilipoelekea kwisha, liliondolewa sokoni tarehe 15 Desemba 2024. Hakuna mpya anayeweza kulinunua, ila waliolinunua zamani wanaendelea kulicheza. Hivyo ndivyo gemu linavyostaafishwa kwa heshima.

Kutokana na The Crew ndipo Ross Scott, Mmarekani mwenye chaneli ya YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games mwezi Aprili 2024. Ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja Julai 2025. Kule California wanunuzi wawili waliishtaki Ubisoft, na kampuni ikajitetea kwamba walichonunua ni ruhusa ya kutumia, si gemu lenyewe. Sheria ya jimbo hilo, inayotumika tangu Januari 2025, inayataka maduka ya mtandaoni yamwambie mteja waziwazi pale anapopata leseni tu. Steam, duka kubwa la mtandaoni la magemu ya kompyuta, walianza kuonyesha tangazo hilo kwenye ukurasa wa malipo miezi michache kabla.

Tukio linalotugusa sisi moja kwa moja ni la Helldivers 2. Gemu hili lilitengenezwa na Arrowhead, studio ya Stockholm, na kutolewa na Sony Februari 2024. Lilipendwa mno. Tarehe 3 Mei 2024 Sony wakatangaza kwamba wanaocheza kwenye kompyuta kupitia Steam ni lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa Sony wenyewe. Shida ni kwamba mtandao huo hauna huduma rasmi katika nchi nyingi sana duniani. Hauko Kenya, hauko Tanzania, hauko Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Ndugu yetu aliyeko Muscat anafungua akaunti kwa jina la nchi anayoishi. Aliyeko Mombasa hana jina la nchi yake kwenye orodha. Kila mtu hapa anajua tunavyofanya: unajiandikisha kama mkazi wa Uingereza au Marekani, unanunua kadi za zawadi za nchi hiyo, na unaomba isije siku ukafungiwa, maana kutaja nchi isiyo yako ni kuvunja masharti yao. Watu walikuwa wameshauziwa gemu, wamelicheza miezi mitatu, sasa wanaambiwa wafungue akaunti ambayo nchi zao haziruhusiwi kuwa nayo. Kisha gemu likaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170.

Katika siku zile chache maoni mabaya zaidi ya laki mbili yaliandikwa kwenye ukurasa wa gemu. Tarehe 6 Mei Sony wakarudi nyuma. Lakini hapa kuna jambo ambalo wachezaji wengi hulichanganya, nami nalisisitiza kila ninapopata nafasi: aliyetengeneza na aliyetoa ni watu wawili. Arrowhead ndio walioandika gemu. Sharti la akaunti lilikuwa la Sony. Aliyemtukana mtengenezaji wa Stockholm kwa sharti hilo alimpiga aliye karibu badala ya mwenye amri. Ndiyo maana ninapoamua kuikwepa kampuni, huangalia kwanza jina la anayeuza, kisha la anayetengeneza, na mara nyingi hasira yangu huishia kwa anayeuza. Miezi ya baadaye ilionyesha kwamba ujumbe ulifika: Januari 2025 Sony walitangaza kwamba magemu yao kadhaa ya kompyuta, God of War Ragnarök likiwemo, hayatalazimisha tena akaunti hiyo.

Kisa kingine kikubwa ni pesa juu ya pesa. Novemba 2017 EA, kampuni ya magemu ya Marekani, walikuwa tayari kutoa Star Wars Battlefront II, gemu ambalo mteja analilipia bei kamili. Ndani yake kulikuwa na masanduku ya bahati nasibu: unalipa bila kujua utatoka na nini, na kinachotoka kinakuongezea nguvu dhidi ya wenzako. Darth Vader, mhusika ambaye ndiye wengi walimnunulia gemu, aliwekewa bei ya salio 60,000 za ndani ya gemu, na wachezaji wakapiga hesabu kwamba ni kama saa 40 za kucheza ili kumfikia. EA walipojibu kwenye Reddit, mtandao wa mijadala, kwamba lengo ni mchezaji ajisikie fahari ya kufanikiwa, jibu lao lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya 660,000. Usiku wa kuamkia siku ya kutoka, manunuzi hayo yalizimwa. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikatamka kwamba masanduku kama hayo katika magemu kadhaa, gemu la mpira la EA liitwalo FIFA 18 likiwa mojawapo, ni kamari. Mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza katika nchi hiyo pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti za wachezaji usiojua ni nani watatoka.

Nikizungumza na vijana wa vibanda vya gemu kuhusu hili, wengi hushangaa, kwa sababu kibandani watu wawili wanakaa na pedi mbili, wanachagua Arsenal na Real Madrid, wanacheza, wanalipia mechi. Hakuna pakiti za wachezaji wala mtandao. Gemu ni lilelile, ila wao wanaliona upande wake usio na kamari. Ni kijana anayecheza peke yake nyumbani, kwenye Ultimate Team, sehemu ya FIFA ya kujenga timu kwa pakiti hizo, anayekutana na upande wa pili. Ninaionea uchungu hali hiyo, maana anayelipia pakiti mara nyingi ni mtoto, na kadi ya benki ni ya mzazi.

Ahadi zisizotimia nazipitia haraka, kwa kuwa ndizo zinazojulikana zaidi. Cyberpunk 2077 la CD Projekt ya Poland lililipiwa na watu milioni 8 kabla halijatoka Desemba 2020. Wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta tu. Walionunua la PS4 na Xbox One wakakuta gemu linalogandaganda na kujizima. Sony wakaliondoa dukani kwao na kurudisha pesa, likarudi Juni 2021. Kampuni ililirekebisha kwa miaka karibu mitatu na leo linasifiwa. Mimi nimewasamehe kwa sababu kosa lile lilikuwa la kuharakisha, na kazi ya kulirekebisha ilifanyika bila kumtoza mnunuzi. Ila kulipia gemu kabla halijatoka, hilo sifanyi kwa kampuni yoyote.

Wapo pia wanaokwepa kwa sababu ya jinsi wafanyakazi wanavyotendewa. Julai 2021 jimbo la California liliishtaki Activision Blizzard kwa ubaguzi na unyanyasaji wa wanawake kazini, na wachezaji waliokaa na World of Warcraft, gemu la kampuni hiyo, miaka mingi walifunga akaunti zao. Sababu hiyo haina uhusiano na seva wala bei, na naiheshimu sana.

Je, kukwepa kunasaidia? Kususia kwa kelele, mara nyingi hapana. Mwaka 2009 wachezaji wa kompyuta waliunda kundi kwenye Steam la kususia Call of Duty: Modern Warfare 2 kwa kuwa Infinity Ward, watengenezaji wake, walikuwa wameondoa uwezo wa wachezaji kuendesha seva zao wenyewe. Siku lilipotoka ilisambaa picha ya orodha ya wanakundi, wengi wakiwa ndani ya gemu lilelile. Kinachouma kampuni ni mtu ambaye hakutangaza lolote na hakurudi. Huyo hawezi kuonekana kwenye picha yoyote, anaonekana kwenye mauzo ya gemu la pili na la tatu.

Kwetu hesabu hii ni nzito zaidi. Gemu jipya la dola 70 ni karibu shilingi 9,000 za Kenya, na mengine yana ukubwa unaozidi GB 100. Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa mbili, lakini bando ulilochoma kulipakua halirudishwi na mtu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa soma ukurasa wa gemu mpaka chini. Steam wanaandika kama linahitaji akaunti ya kampuni nyingine, kama lina kufuli la ziada la kuzuia kunakiliwa, mfano Denuvo, na kama lina manunuzi ya ndani. Subiri wiki mbili usome maoni ya wenye kompyuta au kifaa kama chako. Ukishalinunua na kuliwasha mara ya kwanza, weka Steam katika hali ya nje ya mtandao, zima intaneti kabisa, kisha jaribu kuendelea na hadithi ya mchezaji mmoja. Likigoma, omba pesa yako saa hiyohiyo, kabla saa mbili hazijaisha.